UZI: Usiku wa Frederic Remington – kwa nini hatari imesimama upande wetu wa picha?

Kibatari (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Kila tukigusa picha za Magharibi ya Marekani humu ndani, mazungumzo huwa ni jua kali, vumbi na kauboi anayeng'ang'ania mgongo wa farasi. Leo naomba tukeshe. Kuna mchoraji aliyetumia karibu miaka 10 ya mwisho ya maisha yake akihangaika na giza, na kwa maoni yangu hizo ndizo kazi zake pekee zinazostahili kuitwa kubwa. Zile za mchana, pamoja na umaarufu wake wote, naziona ni mabango ya biashara. Wenye mawe mkononi karibuni.

Ni Frederic Remington. Kazaliwa 1861 mji wa Canton, jimbo la New York, mbali kabisa na huko Magharibi kulikomtajirisha. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la farasi, upande wa Kaskazini, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kijana akasoma sanaa chuo cha Yale kidogo, akacheza zaidi mpira wa Kimarekani, akaacha. 1881 akaenda Montana kutembea. 1883 akanunua shamba la kondoo Kansas, likamshinda. Akatia pesa kwenye baa Kansas City, nako akaambulia patupu. Kilichomtoa ni kalamu: jarida la Harper's Weekly lilitaka mtu wa kuwaonyesha wasomaji wa mijini askari, makauboi na Wenyeji asilia wa Marekani, naye akawa huyo mtu.

Umaarufu huo ukamfunga. Miaka na miaka alichora kwa nyeusi na nyeupe kwa ajili ya kuchapwa magazetini. Chama cha wasanii wakubwa New York, National Academy of Design, kilimpa uanachama wa ngazi ya chini 1891 na hakikumpandisha hadi anakufa. Wakosoaji walimwona mchora magazeti aliyeazima rangi. Na kusema kweli rangi zilimsumbua.

Mwaka 1899 aliona maonyesho ya Charles Rollo Peters, mchoraji wa California aliyependa kuchora nyumba za udongo za Monterey chini ya mbalamwezi. Alitoka pale na ugonjwa wa kuchora usiku. 1901 tunaona *The Old Stage-Coach of the Plains*: gari la abiria linalovutwa na farasi linateremka kilima usiku, taa zake ndogo zinawaka, juu kuna walinzi wenye bunduki, na anga imejaa nyota. Hakuna adui popote. Ila ukiitazama unajikuta unataka dereva aongeze mwendo.

Kisha 1903 jarida la Collier's likampa mkataba wa ndoto: picha 12 kwa mwaka, dola 1,000 kila moja, achore anachotaka, wao wachukue haki ya kuchapa tu na picha yenyewe ibaki yake. Hapo ndipo alipopata nafasi ya kupumua.

Sasa nije kwenye hoja. Chukueni *Fired On* ya 1907, iko makumbusho ya Smithsonian, Washington. Wapanda farasi wamefika ukingo wa maji usiku. Rangi yote ni kijani cha ajabu. Farasi wa mbele, mweupe, ameshtuka na kurudi nyuma kwa miguu miwili, kwa sababu risasi zimeanza kupiga maji mbele yake. Nani anapiga? Haonekani. Risasi zinatoka huku tulikosimama sisi.

Mkishaiona hiyo, tazameni nyingine. *Apache Scouts Listening* ya 1908: maskauti (wapelelezi wa jeshi) wa Kiapache wamechuchumaa, askari wako nyuma yao, wote wanasikiliza kitu. Juu ya ardhi kuna vivuli vya miti, lakini miti yenyewe haimo kwenye picha. Iko nyuma ya mgongo wako wewe mtazamaji. *Moonlight, Wolf* ya mwishoni kabisa, karibu 1909: mbwa mwitu mmoja kando ya maji, macho yake yanang'aa kama nyota mbili zilizoshuka, na anakutazama wewe. Mtu huyu alikuwa ametoa hatari nje ya fremu na kuiweka kwenye chumba unachotazamia.

Maonyesho makubwa ya 2003 pale National Gallery of Art, Washington, yalihusu picha zake hizi za usiku tu. Alizichora karibu 70. Nauliza wajuzi: hii ni mbinu tu, au jamaa alikuwa anasema kitu?

---

Ngano Mbichi

Uzi wa kibabe. Naweka kambi hapa na thermos yangu ya chai. Tiririka mkuu.

---

Kipanga Mkavu

Mleta uzi heshima kwako, lakini nimezitafuta hizo picha nikacheka. Mbalamwezi ya kijani umeiona wapi? Mimi nimekulia kijijini bila umeme, mbalamwezi naijua. Ni nyeupe, labda ya kijivu. Hiyo *Fired On* ni kama mtu kaweka filta ya simu. Kama alishindwa rangi mchana, usiku ndio kajificha.

---

Shangazi wa Kanvasi

Kipanga, una macho mazuri ila umewahi kuhukumu.

Mimi nachora rangi za mafuta, na wanafunzi wangu wote huanza na kosa lilelile: wakiambiwa usiku, wanafungua tyubu nyeusi. Nyeusi ya tyubu ikikauka inakuwa ukuta, jicho linagonga linarudi. Usiku unajengwa kwa rangi zilizosogeleana sana kwa uzito, kijani kizito karibu na buluu nzito karibu na zambarau, hadi tofauti zake ziwe ndogo kiasi cha kukulazimisha ukae mbele ya picha dakika kadhaa ndipo vitu vianze kujitokeza. Hapo ndipo kazi ya Remington ilipo. Ukipita mbio huoni kitu.

Kuhusu kijani: gizani jicho letu linabadilisha chembe linazotumia kuonea. Zile zinazoona rangi vizuri zinalala, zinabaki zile za mwanga hafifu, na hizo hazioni nyekundu ila zinaitika zaidi kwenye kijani na buluu. Mwanasayansi wa Kicheki, Purkinje, aliliona jambo hili karne ya 19 kwa kutazama maua alfajiri: mekundu yalikuwa meusi wakati majani yameshaanza kung'aa. Sidai Remington alisoma hayo. Lakini alikuwa na nyumba ya majira ya joto kwenye kisiwa cha mto St. Lawrence, na mtu anayelala juu ya maji miaka kadhaa na kutazama mwezi kwa nia ya kuuchora hujifunza hayo bila kitabu.

Halafu kuna ujanja mmoja ambao mleta uzi hakuugusa. Ukiwa na kanvasi nzima ya kijani baridi, tone moja tu la chungwa linatosha kuwasha nyumba. Taa ya lile gari la abiria ni brashi mbili tatu tu za rangi, basi.

Na tusimpe sifa zote yeye. Whistler, Mmarekani aliyehamia London, alishauchora usiku wa mto Thames miaka ya 1870. Mkosoaji Ruskin akamtukana kwamba anamrushia umma kopo la rangi usoni, wakapelekana mahakamani 1878, Whistler akashinda na kulipwa fidia ya sarafu ndogo kuliko zote za Uingereza, kesi ikamfilisi. Tofauti ni kwamba usiku wa Whistler unakulaza. Wa Remington unakuamsha.

---

Kipanga Mkavu

Shangazi shikamoo. Hapo kwenye nyekundu kugeuka nyeusi umenishika, nguo nyekundu usiku kweli huwa nyeusi. Bado kile kijani nakiona kimezidi.

---

Shangazi wa Kanvasi

Marahaba mwanangu. Kimezidi, ndiyo. Picha inatakiwa kuzidisha.

---

Msukuma wa Fort Worth

Wadau, niko Texas, niongeze kidogo kwa kuwa baadhi ya picha hizi ziko jirani. Makumbusho ya Amon Carter hapa Fort Worth kiingilio ni bure, na wanayo hiyo ya gari la abiria aliyoitaja mleta uzi, pia *A Reconnaissance* ya 1902.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonikamata. Ni usiku wa theluji. Wanaume wawili wamewaacha farasi na kupanda hadi ukingoni mwa kilima kuchungulia bonde ambalo sisi hatulioni. Wametupa migongo. Wa tatu amebaki huku karibu yetu akiwashika farasi. Kwenye simu inaonekana ya kijivu tu. Ukiwa mbele yake theluji ina buluu, zambarau, mpaka waridi kwa mbali, na hujui hata kimoja kilianzia wapi. Nilijikuta namtazama yule mshika farasi kuliko wale mashujaa. Yeye haoni kinachotazamwa, anangoja kuambiwa akimbie au atulie.

Ushauri: mkizitazama kwenye skrini ongezeni mwanga hadi mwisho na mzime taa ya chumbani. Nusu ya picha zake zinapotea kwenye simu.

---

Mjukuu wa Chifu

Nimesoma kimyakimya, sasa naomba niharibu sherehe.

Mnauliza hatari iko wapi. Mimi nauliza hatari kwa nani? Yule dereva wa gari la abiria anaogopa usiku wa nchi ambayo si yake. Askari wa *A Reconnaissance* wanachungulia bonde la watu. Giza limekuwa la kutisha kwa sababu ndani yake yuko mwenye nchi.

Hii haikuanza na Remington. George Caleb Bingham alichora *Captured by Indians* mwaka 1848: mama mzungu kakaa na mtoto mapajani kama Bikira Maria, moto unamwangazia uso, waliomteka wamelala na kukaa pembeni gizani. Tayari mwanga umegawiwa. Aliyestahili huruma kapewa moto, wengine wamepewa kivuli.

Na huyu Remington si mtu wa kumfanyia mapenzi. Barua zake zimejaa chuki dhidi ya Wenyeji asilia, Wayahudi, wahamiaji, kila asiyefanana naye. Mwishoni mwa 1890 alikuwa South Dakota na jeshi, majira yaleyale ya mauaji ya Wounded Knee ya Desemba 29, jeshi lilipowaua Wenyeji wa Lakota, na alichoandika kwa ajili ya Harper's kilikuwa upande wa wenye bunduki.

Sasa niwaonyeshe usiku wa wenyewe. Watu wa Lakota na ndugu zao walikuwa na hesabu ya majira ya baridi: kila mwaka unapewa tukio moja, linachorwa kwenye ngozi ya nyati wa kule, na mtunzaji wa hesabu anajua kuusimulia. Usiku wa Novemba 12 kuamkia 13, mwaka 1833, vimondo vilimwagika Amerika Kaskazini kama mvua. Karibu hesabu zote zimeurekodi. Kwenye ile ya Lone Dog, wa kundi la Wayanktonai, umechorwa mwezi mweusi na kuzungukwa na nyota nyekundu. Basi. Mwaka mzima umekaa humo, wala hakuna mtu aliyejificha nyuma ya mti.

Wablackfoot nao walipaka sehemu ya juu ya mahema yao ya ngozi rangi nyeusi kuwa anga ya usiku, wakaweka duara nyeupe kuwa nyota: Kilimia kwenye sikio moja la hema (pindo la juu la kutolea moshi), zile nyota saba za Dubu Mkubwa kwenye sikio la pili. Familia inalala chini ya usiku iliouchora yenyewe. Linganisheni na yule bwana wa New York anayeshtushwa na mbwa mwitu.

---

Ngano Mbichi

Chai imemwagika.

---

Kibatari

Mjukuu, nimeisoma mara mbili. Kuhusu barua zake sina la kutetea, na hiyo ya mahema ya Wablackfoot imenifungua macho.

Lakini hebu tuwe makini na picha zenyewe, kwa sababu nadhani zinasema jambo ambalo barua zake haziwezi. Rudi *Fired On*. Risasi zinatoka kwetu. Kama wale wapanda farasi ni wavamizi kama unavyosema, na mpigaji ni mwenye nchi, basi mchoraji amemsimamisha mtazamaji, yule tajiri wa New York aliyekuja na mke wake kwenye duka la picha la Knoedler kununua, mahali pa mwenye nchi. Bunduki tumeshika sisi. Sijui kama alikusudia, ila ndivyo picha ilivyo.

Chukua na *Shotgun Hospitality* ya 1908, iko makumbusho ya Hood, chuo cha Dartmouth. Mzungu mmoja mwenye mkokoteni amekaa karibu na moto, shotgani iko tayari. Wenyeji watatu wamekuja motoni kwake, mmoja amesimama na kutupa mgongo, blanketi mwilini. Hakuna anayemrukia mwenzake. Nimeitazama sana na siwezi kukwambia nani anamwogopa nani. Mwenye silaha mkononi ndiye amekaa kama mtu aliyebanwa.

Na *The Outlier* ya 1909, pale makumbusho ya Brooklyn: Mwenyeji peke yake juu ya farasi, mwezi mkubwa nyuma yake. Huyo hatishi wala hatishwi.

---

Mjukuu wa Chifu

Mleta uzi, unamwokoa mtu kwa fremu. Kumweka mtazamaji nyuma ya bunduki ni mbinu ya kumtia mtazamaji msisimko, hata wachora vibonzo wanaijua. Kuhusu *Outlier*, angalia tarehe. Sensa ya 1890 ilishatangaza kwamba mpaka wa makazi Magharibi haupo tena. Watu wameshafungiwa kwenye maeneo ya hifadhi. 1909 unamchora mmoja, peke yake, kimya, chini ya mwezi. Ni rahisi kumpenda mtu uliyeshamaliza kumnyang'anya.

*Shotgun Hospitality* nakupa. Hiyo ina kitu.

---

Bahari ya Juu

Samahani naingilia. Nimesoma mahali kwamba alichoma picha zake mwenyewe. Ni kweli au porojo?

---

Kibatari

Ni kweli. 1907 alitoa makumi ya kanvasi nje, kwenye theluji, akazitia moto, na mwaka uliofuata akachoma nyingine. Shajara yake inaonyesha. Zilikuwemo zilizokwisha kuchapwa Collier's, kwa hiyo kuna picha za Remington ambazo leo tunazijua kwa nakala ya jarida tu. Alikuwa anataka kubaki na zile zinazoonyesha mchoraji, zile za mchora magazeti ziondoke. Mimi roho inaniuma, lakini namwelewa.

Malipo yake aliyapata kwa kuchelewa. Maonyesho ya Desemba 1909 pale Knoedler, New York, wakosoaji hatimaye wakamsifu kama mchoraji kamili. Mwezi haukuisha. Kidole tumbo kilimshika nyumbani kwake Ridgefield, Connecticut, wakampasua, na Desemba 26 akafa. Miaka 48.

---

Bintimwezi

Kama ni machungu ya wachora mwezi, Remington hajafika kwa Ralph Blakelock. Huyu alizunguka Magharibi kuanzia 1869, akakutana na Wenyeji, akarudi New York na kutumia maisha yote akichora mahema na miti chini ya mbalamwezi kwa kumbukumbu. Tabaka juu ya tabaka za rangi, nyingi zimeshakuwa nyeusi na kupasuka. Hakujua biashara hata kidogo, na nyumbani kulikuwa na watoto wengi wa kulisha. 1899 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Akiwa bado humo, 1916, *Brook by Moonlight* ikauzwa mnadani dola 20,000, bei ambayo hakuna mchoraji Mmarekani aliye hai aliyekuwa ameifikia mnadani. Familia haikufaidi. Na soko likajaa picha bandia zenye sahihi yake. Ni kati ya wachoraji wa Marekani walioghushiwa zaidi.

Usiku wake hauna bunduki wala mtu anayevizia. Mjukuu wa Chifu labda huyu utamvumilia.

---

Mjukuu wa Chifu

Huyu namvumilia. Mahema yake yamekaa mahali pake.

---

Msukuma wa Fort Worth

Mbona Charles Russell hatajwi? Ndiye aliyeishi maisha hayo kweli. Kijana wa St. Louis, kaenda Montana 1880 akiwa na miaka 16, akafanya kazi ya kuchunga ng'ombe na farasi usiku kwa miaka. Halafu 1925, mwaka mmoja kabla ya kufa, akachora *Laugh Kills Lonesome*: makauboi wamezunguka moto, wanapiga soga, wanacheka, mwezi juu. Na yeye mwenyewe kajichora amesimama pale ukingoni mwa mwanga. Iko Helena, Montana.

Yaani aliyekesha na ng'ombe anakumbuka kicheko. Mgeni wa Harper's anakumbuka woga.

---

Kipanga Mkavu

Basi kesi imeisha. Remington alikuwa muoga wa giza.

---

Shangazi wa Kanvasi

Muoga hakai kisiwani usiku akitafuta rangi ya maji. Russell nampenda, ila kwenye ile picha moto unafanya kazi yote. Ukiuzima, usiku wake haujachorwa. Wa Remington uzime taa zote, bado unaona theluji.

---

Msukuma wa Fort Worth

Shangazi umeuma. Kwa watakaopita Fort Worth, makumbusho madogo ya Sid Richardson katikati ya mji nayo ni bure, na wanazo kazi za wote wawili. Ulizieni *A Taint on the Wind* ya 1906. Gari la abiria tena, usiku. Farasi wamenusa kitu na kushtuka. Watu ndio kwanza wanaanza kutazama walikotazama farasi.

---

Kibatari

Shukrani wakuu. Russell namfungulia uzi wake wikiendi nikipata bando, Shangazi na Msukuma mtaendeleza ugomvi huko. Hapa tubaki na Remington. Bado nasubiri mtu anijibu ile ya *Apache Scouts Listening*: wale maskauti ni Waapache wanaolitumikia jeshi dhidi ya Waapache wenzao. Mjukuu, wao usiku ule ni wa kwao au si wa kwao?